Mshale wa Saa Kumi

Fundi aliketi kwenye kigoda akipanga manyoya ya bata mzinga katika makopo mawili ya maziwa. Ya bawa la kushoto kopo hili, ya bawa la kulia kopo lile. Siku hizi alitengeneza fagio za kupangusia vumbi, na ufagio haujali unyoya umetoka bawa gani, lakini mazoea yana taabu. Saa tisa na nusu alifunika makopo, akatia mfukoni chupa ya gundi na kitana kidogo, akafunga duka na kwenda kiwanja cha shabaha kuungoja mshale.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyevisha manyoya mishale ya klabu. Mshale huvaa manyoya matatu upande wa nyuma, na yote sharti yatoke bawa la upande mmoja, kwa sababu ya kushoto hupinda huku na ya kulia hupinda kule. Ukiyachanganya, mshale hugombana na nafsi yake hewani, ukayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Yakiwa ya upande mmoja, hujizungusha, hutulia, na huenda ulikoelekezwa. Hilo analijua hata mwanagenzi wa juma la kwanza. Linalotaka akili ni urefu. Manyoya mafupi huenda kasi lakini hayasamehe kosa. Marefu hupunguza mwendo kidogo, ila hunyoosha hata mshale uliotoka vibaya mkononi.

Bingwa wa klabu, mkwe wa Mwenyekiti, alitaka mafupi. Fundi alimtazama akivuta upinde, akaona jinsi vidole vyake vinavyotetemeka wakati wa kuachia, akamvisha marefu. Bingwa alinung'unika kwamba amepewa mishale ya bibi kizee. Kisha akaanza kushinda, na manung'uniko yakaisha.

Mume wa Fundi alikuwa mlinzi wa kiwanja. Kazi yake ilikuwa kupandisha bendera nyekundu, ambayo maana yake ni kwamba mtu yeyote asirushe, halafu kwenda kwenye marobota ya majani kuchomoa mishale. Alasiri moja, saa kumi, alipandisha bendera, akaenda, akasimama mbele ya robota la katikati. Bingwa siku hiyo alikuwa na wageni wa kuwaringia, na kungoja hakukuwa tabia yake. Aliachia. Mshale ulikwenda katikati ya shabaha, na katikati ya shabaha palikuwa na kifua cha mtu.

Kamati ilikaa siku tatu. Siku ya nne ilibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: mshale uliyumba kwa kuwa fundi alichanganya manyoya ya kushoto na ya kulia. Mwanachama yeyote asinunue tena kwake. Bendera haikutajwa. Ulikuwa uongo mtupu, ila ulikuwa na mhuri.

Wiki moja baada ya mazishi, saa kumi kamili, mshale ule ulitoka kwenye kabati la ofisi ya klabu, ukapita dirishani, ukaenda hadi mstari wa kurushia, ukasimama hewani kwa kimo cha bega la Bingwa, halafu ukaruka na kujichoma katikati ya robota. Kesho yake ukafanya vilevile. Kioo cha tatu kilipovunjika, Katibu aliagiza dirisha lisifungwe. Wanachama walijifunza kupisha saa kumi, kama mtu anavyompisha mzee mlangoni, bila kukatiza mazungumzo.

Fundi alimleta mwashi na uzi wake wa kunyooshea kuta. Waliuvuta kutoka mstarini hadi robotani, na mshale ukapita juu ya uzi bila kuuacha hata kwa upana wa ukucha. Mwashi akaliandika hilo katika barua na kutia sahihi. Fundi akaipeleka barua kwa kamati. Majibu aliyasoma Katibu, macho yake yakiwa mezani.

"Kamati inakubali kwamba mshale unakwenda sawa," alisema. "Lakini huu ni wa sasa. Umeshapata mazoezi."

Hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata bendera nayo ikaanza. Dakika moja kabla ya saa kumi ilipanda mlingotini yenyewe, ikatulia pale juu, ndipo mshale ukatoka. Kila mwenye macho aliona kipi kilitangulia. Kamati iling'oa mlingoti. Bendera ikaendelea kupanda palepale ulipokuwa mlingoti, na kwenye kikao kilichofuata Mwenyekiti akaisifu kwa mchango wake katika usalama.

Wifi yake Fundi, dada wa marehemu, hakuwa amemsemesha tangu karatasi ibandikwe. Alikuwa ameuambia ukoo mzima kwamba kaka yake ameuawa na gundi ya mkewe. Siku moja alikuja kiwanjani, akasimama kando ya Fundi, akaiona bendera ikipanda na mshale ukipita.

"Wifi," alisema, "kumbe si wewe."

"Ni mimi pia. Yule alitaka manyoya mafupi. Ningempa, kwa vidole vile, mshale ungepita pembeni. Kaka yako saa hizi angekuwa anakunywa chai."

Wifi aliugeukia mshale uliochomeka robotani.

"Basi kosa lako ni kufanya kazi vizuri."

"Hilo hawajaliandika."

Tangu hapo walisemezana. Ubao wa klabu haukubadilika.

Karibu na mashindano, Bingwa alipitia mlango wa nyuma wa duka. Alisema anataka mishale kumi na miwili kama ule wa saa kumi, maana hajapata kuona mshale uliotulia vile. Fundi hakuacha kupanga manyoya.

"Ule una manyoya yaliyochanganywa. Kasome ubao wenu."

"Karatasi ni karatasi, Mama. Mimi naongelea mshale."

Fundi alimwambia waitoe karatasi, naye atamtengenezea hata ishirini na minne. Bingwa akasema hilo haliwezekani, litamwaibisha baba mkwe. Aliondoka, akauchukua mshale kabatini asubuhi moja, akampelekea fundi mwingine aunakili unyoya kwa unyoya, akaurudisha kabla ya saa kumi usije ukachelewa. Akashinda mashindano. Kombe likawekwa juu ya kabati, na mshale ukitoka hulikwepa kwa adabu.

Leo bendera ilipanda, mshale ukapita. Fundi aliuchomoa robotani, akaketi juu ya majani. Unyoya mmoja ulikuwa umeachana kwa upepo. Aliuchana kwa kitana mpaka ukashikana, akatia tone la gundi penye mwanya. Hufanya hivyo kila siku. Ukiyumba hata mara moja, watasema, "Si tuliandika?" Hasira aliyokwenda nayo kiwanjani ndiyo aliyorudi nayo, haijapungua hata chembe.

Ofisini alipita mbele ya ubao. Karatasi ya zamani ilikuwa imefifia kwa jua, kwa hiyo Katibu alikuwa ameipiga upya, maneno yaleyale, mhuri mpya. Fundi aliisoma yote. Halafu akaulaza mshale kabatini, manyoya juu, yasije yakapinda kabla ya kesho.