Upepo wa Salme

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Shahad, mke wa Humoud, alitandika mkeka, akaweka sinia la wali wa nazi na changu wa kukaanga, na watu wa nyumba wakalizunguka kama ilivyo desturi yao. Kila mmoja alikula upande wake. Salme, binti yao wa miaka kumi na saba, alimega wali, akaufinyanga tonge, akalishika mpaka likapoa, kisha akalisogeza polepole upande wa kaka yake Nawaf. Nawaf akalila bila kutazama. Kwenye sinia huwezi kujua nani kala nini. Wali ulipungua mbele ya Salme kama ulivyopungua mbele ya wengine, na kwa miezi mingi mama yake aliamini kwamba binti anakula.

Tonge la mwisho lilipokwenda, upepo ukaanza kuvuma.

Haukuingia dirishani. Ulitoka kwa Salme, kifuani na mabegani, mwembamba na wa baridi, kama ule wa alfajiri ya mwezi wa saba. Ilikuwa Januari, mabati ya Bagamoyo yanawaka, na wote wakajivuta karibu naye. Humoud alifungua kifungo cha kanzu, akamshukuru Mungu. Feni ilikuwa imezimwa tangu Desemba, na buibui alikwisha tanda utando kwenye mapanga yake.

Salme aliujua upepo huo kabla haujatoka nje. Mwaka uliopita aliugua malaria, akakonda, na harusini shangazi zake wakamshika kiuno wakimwambia kwamba sasa amekuwa msichana. Tangu siku hiyo, akiona chakula kifua kilimbana kama amekaliwa na mtu. Akikikwepa, kifua kilifunguka, na ndani ukaingia ubaridi mtamu kuliko chochote alichowahi kula. Hakukataa kwa kiburi. Njaa alikuwa nayo, tena kali. Ila ubaridi ule ulikuja upesi, na shibe ilikuja na hofu. Desemba ubaridi ulijaa, ukamwagika, na watu wa nyumbani wakaanza kuupata nao.

Habari zilifika mtaani bila kelele. Jioni majirani walikuja na vigoda vyao wakakaa barazani, na Salme akawekwa katikati, kwenye kiti chenye mto, kwa sababu mifupa ilikuwa ikimuuma. Kahawa na halua zilizungushwa. Sahani ya halua ilipomfikia, aliipitisha kwa jirani, upepo ukazidi, na kila mtu akamwombea dua. Mzee Muzammil, ambaye pumu humkaba kila msimu wa joto, alisinzia palepale alipoketi.

Bibi Zuleha, mama yake Humoud, aliona mengine. Yeye ndiye aliyemsuka Salme, na nywele zilibaki kwenye kitana. Mikono ya binti ilikuwa imeota malaika, vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, na bangili zilipanda mpaka kwenye kiwiko. Bibi hakumwuliza mtu. Alikodi bajaji akampeleka zahanati, kwa muuguzi Verdiana, ambaye alimpima uzito mara mbili kwa kuishuku mizani.

“Bibi, huu ni ugonjwa,” alisema Verdiana. “Si kudeka. Akikwepa chakula anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena. Moyo wake umechoka. Apelekwe hospitali kubwa Dar, wiki hii hii.”

Aliyasema hayo huku amevuta kiti chake karibu na Salme. Wagonjwa waliokuwa wakingoja nao walikuwa wamelisogeza benchi.

Humoud alimsikiliza mama yake kwa adabu. Alisema binti atapelekwa, hilo halina ubishi, ila masika yaanze kwanza, joto lipungue, maana watu wamezoea, na Mzee Muzammil atalalaje? Shahad alisema kwamba hata yeye angependa kwenda mvua zikianza. Nawaf akatania, “Dada, usije ukashiba hapa bwana, utatuchoma.” Wakacheka. Salme naye alicheka.

Kesho yake jioni, wageni wakiwa barazani, Bibi alimwita jikoni, uani. Alikuwa amepakua wali na samaki wa kuchemsha kwenye sahani moja.

“Leo hakuna sinia,” alisema. “Ukiogopa, ogopa. Nitaogopa pamoja na wewe.”

“Na joto, bibi?”

“Mimi joto limenizaa, mjukuu wangu.”

Tonge la kwanza lilichukua muda mrefu. Salme alilimeza huku machozi yakimtoka, na Bibi alimshika mkono wa kushoto. La pili lilipita. La tatu lilipopita, upepo ulikatika. Paji la uso la Salme likatoka jasho, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Desemba, na Bibi akalifuta kwa pindo la kanga, taratibu, kama mtu anayefuta kitu cha thamani.

Barazani mazungumzo yalinyamaza. Kigoda kikakwaruza sakafu. Mzee Muzammil akaanza kukohoa. Hakuna aliyekasirika. Humoud alikuja mpaka mlango wa jikoni, akijipangusa shingo, akasema kwa upendo wa kweli:

“Salme, mwanangu, umechoka? Njoo ukae nasi kidogo.”

“Mwache ale, Humoud,” alisema Bibi.

“Atakula, mama. Nani kamkataza? Atakula baadaye.”

Tonge la nne lilikuwa bado vidoleni mwa Salme. Alilitazama. Kikohozi cha Mzee Muzammil kilisikika tena. Akalirudisha sahanini, akanawa, akainuka kwa kushika ukuta.

Hajafika barazani, upepo ulikwisha anza, na sauti za kumshukuru zikasikika. Ulirudi kupitia ukumbini, ukafika hadi mlango wa jikoni. Bibi Zuleha aliifunika sahani kwa kawa. Kisha akakivuta kibao chake nyuma, karibu na makaa, mahali ambapo upepo haukufika, akakaa huko akitokwa na jasho, akimngoja.