Kidole cha Shemeji

Fundi alikuwa na kauli moja iliyowachosha wateja wake wote: kabla hujasasisha chochote, weka nakala. Waliojifanya hamnazo aliwacheka kwanza ndipo awasaidie. Alikuwa na mdomo. Taa, kengele na milango ya kufunguliwa kwa kidole ndiyo iliyomlisha.

Mchana huo alikuwa amechuchumaa kwenye kistoo chini ya ngazi, nyumbani kwa dada yake mkubwa, mbele ya kisanduku kilichoendesha nyumba nzima. Toleo jipya la programu lilikuwa limetoka, la kuziba mianya ya wezi, naye hakutaka dada alale hata siku moja bila hilo. Dada aliishi kwa kuutegemea mlango ule wa mbele. Mumewe, aliyefukuzwa baada ya kumng'oa meno mawili, alikuja karibu kila mchana kubonyeza kidole kwenye kitasa na kuporomosha matusi. Amri ya mahakama aliiona karatasi tu. Lakini fundi alishamfuta kwenye mfumo, na kitasa kilimnyamazia.

"Ipo siku kidole kitamwisha," dada alizoea kusema, akicheka kwa kuziba mdomo.

Programu ilifika katikati, skrini ikaganda.

"Vipi huko?" dada aliuliza kutoka jikoni.

"Tulia, dada. Nakala ninayo. Narudisha kama zamani, halafu tunaanza upya."

Akairudisha. Feni ikazunguka, taa zikawaka, akajipongeza kimoyomoyo. Ndipo mlango wa mbele ukazungumza, kwa sauti ile tamu aliyoichagua mwenyewe dada na mumewe walipohamia.

"Karibu nyumbani, baba mwenye nyumba."

Fundi akaitazama tarehe kwenye skrini. Nakala ile ilikuwa ya siku ya kuhamia, shemeji akiwa bado mwenye mji. Siku ya kumfuta, dada alikuwa hospitali na mdomo umeshonwa. Fundi alifuta mbiombio, akakimbilia kwake, wala hakuweka nakala nyingine. Yeye huyohuyo, mwenye kauli!

Dada alipiga ukelele mmoja. Fundi alipochomoka kistooni, shemeji alikuwa amemkamata mkewe nywele na kumbamiza uso kwenye meza, mara ya kwanza, mara ya pili, sahani zikipasuka chini.

"Umenifungia nyumba yangu? Eti mimi!"

"Shemeji, mwache!"

Hata hapo fundi alimwita shemeji, na baadaye jambo hilo lilimtia aibu. Mwanamume aliukamata mkono wa dada, akauegemeza kwenye ukingo wa meza na kuuangukia kwa uzito wake wote. Mfupa ulilia. Dada hakupiga kelele tena. Alifungua mdomo tu, damu ikamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Fundi alirudi kistooni, akatoka na nyundo. Shemeji alimwona, akacheka, akamrukia na kumkaba koo. Walianguka pamoja juu ya vigae vya sahani, macho ya fundi yakaanza kuingia giza. Akampiga gotini. Mikono ilipolegea akampiga begani, kisha taya, akaendelea kupiga akilia kwa sauti, na tuseme kweli, sehemu ya kilio hicho ilikuwa ya raha.

"Basi!" dada alisema. "Basi, mdogo wangu. Usije ukafungwa kwa ajili yake."

Fundi aliiachia nyundo. Shemeji alikuwa akikoroma, taya limekaa upande, hana uwezo hata wa kutambaa. Majirani walikuwa mlangoni. Mmoja alikuwa akiwaita polisi kwa simu, wawili wakamkalia miguu.

Dada hakuwangoja polisi. Alijikokota hadi kistooni, mkono uliovunjika ameukumbatia kifuani, akaketi sakafuni mbele ya skrini.

"Nionyeshe."

Fundi alilitafuta jina, akagusa pa kufutia. Skrini ikauliza: Una hakika unataka kumfuta baba mwenye nyumba? Akabonyeza Ndiyo. Haikumsikia; kidole kililowa damu. Akakifuta kwenye nguo yake, akabonyeza tena, bado.

"Sogea," dada akasema, akabonyeza kwa mkono wake mzima.

Jina likatoweka. Fundi akaanza kulia upya, akitafuta pa kuanzia kuomba radhi.

"Utalia baadaye," dada alisema kupitia midomo iliyovimba. "Sasa weka nakala."