Kofia Ishirini kwa Mkono wa Dereva

Nimeendesha malori miaka ishirini na sita, nimetukanwa na askari wa nchi nne, na bado hakuna kitu kilichowahi kuniaibisha kama chupa tupu ya jemu.

Chupa yenyewe ni mali ya mwenyekiti wa kikundi cha mke wangu. Kina mama kumi na wanne hukutana kila Jumatano kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, wanafuma kofia za sufu za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa ushonaji. Amestaafu kufundisha, kusahihisha bado. Muuguzi mmoja alimwambia kichwa cha mtoto wa aina hiyo kinalingana na chupa ya jemu, basi tangu siku hiyo kila kofia lazima ijaribiwe kwenye chupa. Ikikaa vizuri, imepita. Ikiimeza chupa, imeanguka, na mwenye kofia ataangaliwa juu ya miwani mpaka ajute kuzaliwa.

Mara moja kwa mwaka hukodi basi na kupeleka kofia kwenye hospitali ya mbali. Mwaka huu walichagua ya milimani, safari ya siku mbili kwenda, na njiani walale nyumba ya wageni, waone maporomoko ya maji, wapige picha. Sharti ni moja, limeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani: asiye na kofia ishirini hapandi basi.

Mke wangu hajawahi kusafiri. Najua mtauliza, mke wa dereva wa masafa marefu hajasafiri vipi? Mimi nilidhani nimemsafirisha vya kutosha. Nilimletea dunia kipande kipande: chupa ya chai kutoka mpaka huu, blanketi kutoka mpaka ule, saa ya ukutani inayolia kama ndege kila saa na kutukera wote. Alishukuru, akavipanga juu ya kabati. Mimi nikajiona mume wa kupigiwa mfano.

Alipokuwa na kofia tatu, akateleza kwenye sakafu ya bafu akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wakamfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Mwenyekiti alimpa pole ndefu sana, kisha akamkumbusha sharti. Dada wa mke wangu, ambaye naye yumo kikundini na ana ulimi kama wembe, akamwambia asijali, atamletea picha.

Jioni ile mke wangu hakulia. Alikaa kitini akaitazama ile saa ya ndege. Ningependa alie, maana kilio nakijua, unakipa kikombe cha chai kinapita.

Nikamwambia anifundishe kufuma.

Alicheka mpaka akashika plasta. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini vidole vyangu vimefungua injini porini bila taa, sikuona jinsi vijiti viwili na uzi vingenishinda. Vilinishinda siku tatu. Siku ya nne nikaelewa, na kesho yake nikaondoka na mzigo wa saruji, nikiwa na mfuko wa nyuzi chini ya kiti na maelekezo yake kichwani: upana, shubiri moja na vidole vinne. Kimo, kiganja kimoja, halafu unaanza kupunguza vitanzi. Hakuna karatasi, hakuna rula. Mama yake alifuma hivyo, na bibi yake.

Tulikwama mpakani siku tano kwa sababu mtu fulani ofisini alipoteza mhuri. Madereva wengine walicheza karata. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya lori nikafuma. Mnaweza kufikiria heshima niliyopata. Wakaacha kuniita Breki, jina langu la barabarani, wakaanza kuniita Bibi. Mmoja akaniuliza namfumia nani, lori au tela. Nikamwambia namfumia yeye, kwa kuwa akili zake zinapata baridi. Kwenye mizani nikafuma, kwenye foleni ya dizeli nikafuma. Nilirudi nyumbani baada ya wiki tatu na kofia kumi na saba. Ukijumlisha na zake tatu, ishirini kamili.

Jumatano ikafika, nikazibeba mwenyewe hadi zahanati. Ndiyo, nilitaka sifa. Nilivaa shati la kola.

Mwenyekiti akavalisha chupa kofia za mke wangu. Moja, mbili, tatu, zikakaa kama zimezaliwa pamoja na chupa. Akachukua ya kwanza yangu. Chupa ikazama. Haikuonekana hata kitako. Akachukua nyingine, ikazama. Akaendelea hadi ya kumi na saba, moja baada ya nyingine, bila haraka, na wanawake kumi na watatu wakitazama kimya kana kwamba ni mazishi ya chupa.

"Shemeji," akaniambia, "hawa watoto wana kilo moja na nusu. Wewe umewafumia baba zao."

Dada mtu akaomba moja ya kufunikia birika.

Mke wangu akanishika mkono akaugeuza juu chini, akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya changu. Vidole vyake viliishia pale vyangu vinapoanza kuwa virefu. Shubiri yangu ni shubiri ya mtu aliyeshika usukani wa lori nusu ya maisha yake. Vipimo vyote vilikuwa sahihi kabisa, ila mkono haukuwa wenyewe. Na yeye wakati wa kunifundisha hakulifikiria hilo, kwa sababu katika nyumba yao hakuna mwanaume aliyewahi kugusa vijiti vya kufumia.

Mwenyekiti akasema basi linaondoka baada ya siku tisa, na sharti ni sharti.

Njiani kurudi nikampa mke wangu suluhisho, tena kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nikamwambia mwezi ujao nina mzigo unaopita njia hiyohiyo ya milimani. Nitampandisha kwenye lori, tutaona kila kitu pamoja, mwenyekiti abaki na chupa yake.

Akasimama katikati ya njia.

"Sitaki kwenda na wewe," akasema. "Miaka ishirini na mbili nakusubiri urudi. Safari hii nataka wewe unisubiri mimi."

Nina jibu kwa askari, kwa watu wa forodha, kwa mafundi wezi. Kwake nilibeba tu mfuko wa kofia, nikamfuata nyuma hadi nyumbani.

Asubuhi nikaenda kwa bosi kuomba likizo, ambayo sikuwa nimechukua kwa miaka minne. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia hajafa mtu, nina kofia. Akasaini haraka, kama mtu anayeogopa kuambukizwa.

Tukakaa kwenye kochi siku nane. Mimi nikafumua kofia zangu kubwa na kuzirudia upya, yeye akawa kipimo. Kila nilipofika mahali pa kupima, alitandaza mkono wake wa kushoto juu ya sufu: shubiri, kisha vidole vinne, kisha kiganja. "Bado." "Bado kidogo." "Punguza sasa, wewe baba, unakwenda wapi?" Alinisuta nikikosea, akanisuta hata nisipokosea ili nisivimbe kichwa. Akanisimulia habari za watoto wetu ambazo eti zilitokea miaka kumi iliyopita, na mimi nikazisikia kama taarifa mpya. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia kwa simu, na kwamba nilimjibu mtandao unakatika.

Lazima niseme jambo moja. Kwenye droo ya jikoni tuna rula. Ningeweza kupima mkono wake mara moja tu, nikaandika namba ukutani, na nikamwacha akalale. Sikuitaja ile rula. Naye hakuitaja, ingawa ndiye anayeipangusa vumbi.

Siku ya tisa chupa ya jemu ikavaa kofia ishirini na haikuzama hata mara moja. Mwenyekiti aliivuta moja huku na huku akitafuta kosa, akakosa, akaandika jina la mke wangu kwenye orodha kwa uchungu wote wa mwalimu aliyenyimwa kalamu nyekundu. Ndani ya basi, dada mtu alisogea dirishani kumpisha.

Nilisimama kituoni mpaka basi likakata kona. Nilinyanyua mkono wangu mpana kama koleo. Mke wangu hakugeuka. Alikuwa ameegemea kiti cha mbele, anatazama barabara kupitia kioo cha dereva, plasta juu ya mapaja.

Kesho yake akapiga simu. Nyuma yake nilisikia kelele nikadhani ni mvua.

"Ni maporomoko," akasema. "Hukuwahi kuniambia kama ni makubwa hivi."

Nimepita pale miaka kumi na moja. Hakuna mahali pa kuegesha lori, kwa hiyo sijawahi kusimama. Nikamwambia sikujua. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema haya, wanamwita kwenye picha, akakata.

Kwenye kochi nilikuwa nimeanza kofia ya ishirini na moja, sijui kwa ajili ya nani. Nimefika mahali pa kupima. Rula bado iko kwenye droo. Ile saa ya ndege imelia mara sita na hakuna wa kuitukana pamoja naye. Anarudi Jumanne. Nimechomeka vijiti kwenye uzi, nimeiweka kofia upande wake wa kochi.