Waya Mrefu wa Gereji

Nilianguka kwa sababu ya waya. Naliweka hilo mbele kwa kuwa nyumbani kwangu kila mtu alikuwa na sababu yake. Binti yangu alisema ni miguu. Daktari alisema ni macho. Jirani aliyekuja kunipa pole akasema ni umri, tena alilitamka kwa raha, kama mtu aliyelihifadhi neno hilo siku nyingi akitafuta pa kulitumia.

Ulikuwa waya. Waya mweusi, mnene kama kidole gumba, wa mashine yangu ya kuchomelea. Ulitoka kwenye soketi ya ukutani, ukapita chini ya benchi, ukazunguka mguu wa meza, kisha ukajitandaza sakafuni mpaka mlangoni mwa gereji. Nilikuwa nimebeba bomba la chuma begani. Nikaukanyaga, ukabiringika chini ya kiatu, nikaenda chini na bomba likaja juu yangu. Mtulinga ukavunjika.

Binti yangu mkubwa ni muuguzi. Tangu siku ile alianza kusema nami polepole, kwa sauti ya juu, kama anavyosema na wagonjwa wake.

"Baba, umesikia nilichosema?"

"Nimevunjika mtulinga. Sikuvunjika masikio."

"Basi sikia. Mashine inaondoka. Nimeshapata mtu, yule fundi mageti wa barabara ya nyuma. Anakuja Jumamosi kuichukua."

"Kuichukua mashine ya nani?"

"Baba, usianze."

"Sijaanza. Nauliza. Umeiuza mashine ya nani?"

Akamgeukia mama yake aliyekuwa anachambua mchele pale mezani. Mke wangu hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo, akalitazama, akaliweka pembeni. Binti yangu alichukua mkoba wake akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nikihisi hasira inanipanda kutoka miguuni, hiyo hiyo miguu iliyosemwa kuwa imeisha.

Watoto wangu wamekula kutokana na mashine ile. Yeye mwenyewe viatu vyake vya shule vilitoka kwenye cheche zake. Leo inauzwa kama kitanda cha marehemu, na marehemu yupo, anasikiliza.

Nilimwambia mke wangu, "Mbaya si mimi. Mbaya ni waya kukaa sakafuni. Nikiuondoa sakafuni, hakuna hoja."

"Utauweka wapi?"

"Juu. Kwenye boriti. Nitatengeneza ngoma ya kuuviringisha. Unavuta unachotaka, ukimaliza unaushtua kidogo, unarudi wenyewe."

"Kwa mkono mmoja."

"Kwa mikono mitatu. Wewe unayo miwili."

Akacheka kwa pua. "Nilijua posa yako haijaisha. Bado unaniomba mikono."

Tulianza asubuhi iliyofuata. Ngoma ilikuwa rimu ya gari dogo iliyokuwa inanikalia kona tangu sijui lini, pamoja na kitovu chake na beringi zake, ambazo nilizipaka grisi mpya hadi rimu ikazunguka kwa kidole. Springi niliitoa kwenye mlango wa chuma wa duka lililovunjwa, ile milango inayojikunja kwenda juu. Ni ukanda wa chuma bapa uliojiviringisha wenyewe ndani kwa ndani, na ukiuachia vibaya unakata nyama kama kisu. Nikamwambia mke wangu asimame upande.

"Upande upi?"

"Upande ambao springi haipo."

"Na wewe?"

"Mimi najua ninachofanya."

"Hata waya ulikuwa unaujua."

Nilikasirika nikaacha kazi, nikaenda kukaa nje. Alinifuata na glavu zangu mkononi, akanitupia mapajani. "Ukimaliza kununa uniite. Mchele wangu unangoja."

Nikarudi. Tungefanyaje? Jumamosi ilikuwa inakuja.

Kazi iliyoniumiza kichwa ilikuwa umeme wenyewe. Ngoma ikizunguka, waya unaotoka ukutani utajisokota na kukatika. Nikakata pete za shaba kutoka kwenye bomba la maji, nikazifunga kwenye ekseli juu ya plastiki ngumu ili zisigusane. Kisha nikachukua zile brashi za kaboni za kwenye stata ya lori, zikawa zinasugua juu ya pete. Pete zinazunguka, brashi zimetulia, umeme unapita. Nilipopima na kukuta unapita bila kukatika, nilipiga kelele mwenyewe mle ndani. Ubavuni mwa rimu nilitengeneza jino la chuma la kuizuia ngoma isirudi mpaka uushtue waya.

Mke wangu alishika kila kitu. Alishika rimu nilipoichomelea fremu, kavaa kinga ya zamani ya uso inayomfikia kifuani, akilalamika kwamba humo ndani mna harufu ya ujana wangu. Cheche moja ilimrukia kidoleni. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Hii nakuandikia deni."

Tuliipandisha kwenye boriti kwa kapi na kamba. Nikavuta waya. Ngoma ikalia ta-ta-ta-ta, ikashika. Nikaushtua. Waya ukaruka kutoka mkononi, ukapanda wote juu kama mjusi anayekimbilia darini. Sakafu ikabaki tupu. Nilisimama nikaitazama sakafu ile. Sikumbuki mara ya mwisho kuiona yote.

Jumamosi walikuja pamoja, binti yangu na fundi mageti. Huyu ni mtu mnene, mwenye maneno mengi, anayegonga kila chuma anachokiona kama mnunuzi wa matikiti.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unapumzika."

"Marahaba. Umesikia vibaya."

Binti yangu alitazama sakafu, kisha boriti. "Baba, hiki nini?"

Nilivuta waya, ta-ta-ta, nikaushtua, ukapanda. Nikavuta tena. Fundi mageti alifungua mdomo.

"Mzee! Umetengeneza mwenyewe? Basi na hii naichukua pamoja na mashine."

"Huchukui hata msumari."

"Lakini bibie alisema..."

"Bibie huyu nilimfunga kamba za viatu mimi. Hawezi kukuuzia kitu changu."

"Baba, tafadhali," alisema binti yangu. "Ngoma ni nzuri. Sijakataa. Lakini mtu aliyevunjika bado anaweza kufanya kazi salama? Hilo ndilo swali."

"Kaa hapo uangalie jibu."

Palikuwa na fremu nzito ya kitanda cha hospitali, aliyoniletea yeye mwenyewe miezi iliyopita akaisahau. Benchi lilikuwa chini kabisa ya ngoma, kwa hiyo nilivuta waya kidogo tu, kiasi cha kufika kwenye mashine. Waya mwingine wote ulibaki juu umejikunja, tabaka juu ya tabaka. Niliona ndiyo raha yenyewe ya kitu hiki: unatumia unachohitaji. Nikapandisha umeme wa mashine, nikachukua vijiti vinene vya kuchomelea, nikaanza.

Nilichomelea kwa hasira, na mshono ulitoka mzuri, umelala sawa kama mchanga uliopigwa na maji. Kijiti kikiisha naweka kingine. Nilipomaliza kiungo kilichovunjika nikahamia ambavyo havikuvunjika, kwa sababu walikuwa wanaangalia.

"Kuna harufu," alisema mke wangu.

"Ni rangi ya kitanda inaungua."

Kijiti kingine.

"Baba watoto, kuna harufu."

"Nimesema ni rangi!"

Kingine tena.

"Si rangi hiyo, wewe mwanamume, tazama juu!"

Sikutazama juu. Ningetazamaje juu mbele ya fundi mageti? Nikaona mwanga wangu umezimika ghafla. Mke wangu alikuwa amepiga swichi ya ukutani kwa kiganja. Nikainua kinga ya uso. Kwenye boriti ngoma ilikuwa inatoa moshi, na tone jeusi la plastiki lilishuka, likadondoka sakafuni kwangu, kwenye ile sakafu safi.

Nilijua papo hapo. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikaa madarasa ya jioni nikiwa baba wa watoto wawili, nikasinzia juu ya dawati, lakini somo hili sikulisinzia: waya unaobeba umeme mwingi hupata joto, na joto lazima lipate pa kutokea. Waya ulionyooka sakafuni unapoa na hewa. Mimi niliufungia joto lake tabaka juu ya tabaka ndani ya rimu, halafu nikaupandishia umeme kwa kiburi.

"Umeona sasa?" alisema binti yangu. "Umeona, Baba? Nyumba ingeungua na nyinyi ndani! Umri umefika, kubali!"

"Umri umefanya nini hapo? Mtu wa miaka ishirini angekosea hivi hivi!"

"Lakini angeambiwa akasikia!"

"Ulikuja kuuza au kunitukana?"

"Nimekuja kukuokoa!"

"Nani amekuita?"

"Nyamazeni!"

Katika miaka yetu yote sikuwahi kuisikia sauti ile. Fundi mageti alirudi nyuma akagonga pipa. Mke wangu alichomoa plagi ya ngoma ukutani, akaishika mkononi kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia.

"Wewe," alimwambia binti yetu, "umeiuza bila kuniuliza. Mimi naishi humu. Mimi ndiye niliyemwinua huyu hapo chini na bomba lake. Ulinipigia simu kuniuliza? Hukuniuliza. Na wewe!" Akanigeukia. "Nimekuambia kuna harufu mara ngapi? Miaka yote nakuambia toa waya njiani, mara ngapi? Rimu nimeshika mimi. Kidole nimeunguzwa mimi. Kila mtu humu ana mdomo, mimi nina mikono tu?"

Akaipunga plagi mbele ya nyuso zetu.

"Mashine haiendi popote. Lakini kuanzia leo plagi hii ni yangu. Hachomelei mtu mpaka niichomeke mimi ukutani, na siichomeki mpaka niione rimu ile iko uchi, waya wote uko nje. Asiyetaka, mlango ule."

Aliyeuchukua mlango ni fundi mageti. Alipofika nje akageuka. "Mzee, ule waya ulioungua... shaba yake je?"

"Toka!" tulimwambia watu watatu kwa pamoja.

Binti yangu alibaki. Alifuta macho kwa kitambaa cha kazi, akakagua mtulinga wangu bila kuniuliza, nami nikamwachia. Hatukuombana radhi. Alipoondoka alikibeba kile kitanda cha hospitali juu ya gari la kukodi, akasema tu kwamba mshono ni mzuri.

Nilidhani vita vimeisha. Kumbe vyangu vilikuwa bado. Tuliposhusha ngoma tulikuta matabaka ya ndani yameyeyuka yakawa bonge moja, na la nje pamoja na kipande nilichokivuta ndivyo vilivyopona. Nikasema nitanunua waya mpya, mrefu kama ule wa zamani.

"Mrefu wa kufika wapi?" aliuliza mke wangu.

"Barabarani. Kama zamani."

"Na ukichomelea hapa ndani lazima wote uwe nje ya ngoma?"

"Lazima."

"Utakuwa wapi basi?"

Nikanyoosha kidole kuonyesha, kikaenda chini chenyewe. Utakuwa sakafuni. Chini ya benchi, kwenye mguu wa meza, mpaka mlangoni. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha kuondoa waya sakafuni ambacho hakifanyi kazi mpaka waya uwe sakafuni.

"Uliopona unafika wapi?" aliuliza tena.

Nikauvuta. Uliishia kizingitini mwa gereji.

Barabarani, nilikokuwa naitoa mashine kuchomelea, ndiko nilikojulikana. Magari yalisimama, watu waligeuza nyuso wasiumizwe na mwanga, watoto waliambiwa wasinitazame, na mimi katikati yao nikiwa siwaoni ila najua wapo. Nani angeniona humu ndani, isipokuwa boriti na pipa? Nilitaka kumwambia hivyo, lakini maneno yalikuja na hasira, nikavimeza vyote viwili.

Nikachukua msumeno wa chuma. Mke wangu alishika waya bila kuambiwa. Nilikata pale palipoanza kuyeyuka, kwa mkono mmoja, nikitukana msumeno, nikitukana shaba, nikimtukana aliyegundua umeme. Yeye alishika tu.

Nilipomaliza kuufunga tena, tukaipandisha ngoma. Nikavuta waya wote mpaka rimu ikawa uchi. Uliteremka kutoka kwenye boriti hadi kwenye mashine, ukaacha mkunjo mmoja mdogo pembeni, ukutani, mahali ambapo hapapiti mguu wa mtu. Mke wangu alitazama juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliizungusha rimu kwa fimbo ya ufagio kuhakikisha. Kisha akachomeka plagi.

"Haya," alisema, akavuta kigoda akaketi kando ya soketi, mgongo kwa mwanga, ungo wa mchele mapajani.

Nikashusha kinga ya uso. Nilikuwa bado nimekasirika, na kijiti kiliwaka kwa mguso wa kwanza.