Mzabibu Uliopogolewa Kama Chai

Baba mkwe alikuwa amesema Pasaka ikipita bila zabibu, mzabibu wangu utang'olewa na mahali pake papandwe chai. Pasaka ya 1996 ikapita nikiwa wodini Kaplong na mtoto wangu Cheptoo, nimonia imemkaba. Siku nne sikubanduka kitandani pake. Mtoto alipopata nafuu, Mungu anisamehe, nikaanza kuuwazia mti.

Ulikuwa mmoja tu. Molly, karani wa kiwanda cha chai, aliniletea kijiti chake kutoka Naivasha: zabibu za kula, hazina mbegu, na baridi yetu haziiogopi. Miaka mitatu nimeulea kwa mbolea ya ng'ombe, nao ukanilipa majani matupu. Majirani walinicheka mpaka wakachoka. Mume wangu Kipngetich, aliye kazini Londiani, aliandika kwamba shamba ni la baba. Asante sana, bwana.

Tuliporudi nyumbani nilimlaza mtoto, nikaenda nyuma ya zizi. Mzabibu ulikuwa umekatwa hadi magotini na kusawazishwa juu, kama kichaka cha chai. Mzee Bethwel, baba mkwe mwenyewe, alikuwa amechuchumaa kando yake. Alikuwa ameufunga kwa kipande cha shati lake, na maji yalidondoka mahali kisu kilipopita.

Mzee alipogoa chai ya kampuni miaka thelathini. Hakuna wa kumfundisha kisu. Na mimi, mke wa mwanawe, siwezi kumpandishia sauti. Nilimeza hasira.

"Chai ikichoka unakata, inarudi na nguvu," alisema bila kuniangalia. "Nilisema nitang'oa, lakini nikaona nikusaidie kwanza. Sasa ni siku ya tatu inatoa maji. Chai haifanyi hivi. Nimepaka mavi ya ng'ombe, nimefunga, bado tu. Mama Cheptoo, nimeua mti yako?"

Tangu niolewe alikuwa hajawahi kuniuliza jambo asilolijua.

Molly alikuwa ameniambia: ukiukata utatoa maji hata wiki nzima, usiogope, utakoma wenyewe. Niliinama nikatazama chini ya kitambaa. Macho mawili ya mti, yale ya kuchipua, yalikuwa yameanza kuvimba. Ningemwambia pale pale, maana nilimhurumia kweli.

"Sijui, baba," nilisema. "Labda itapona. Lakini isiguswe tena miaka mbili."

"Mbili," alisema upesi. "Hata tatu."

Akainuka kwenda kukata miiba ya kuuzungushia ua. Nilibaki pale nimeinamisha kichwa, nikiona aibu, na nikiogopa asije akakutana na Molly sokoni akaambiwa ukweli.