Sabufa ya Ntate Motaung

Watu wengi hununua sabufa kwa macho. Wanaingia dukani, wanaona boksi kubwa lenye koni ya kutisha, wanasema nipe hilo, halafu wanakwenda kulisukumiza kwenye kona nyuma ya kochi kama ndoo ya maji. Wiki ya pili wananipigia simu kulalamika kwamba besi inanguruma tu, maneno ya filamu hayasikiki. Miaka kumi na saba nimefanya kazi hii na bado jambo hilo linanichemsha.

Mzee Motaung, Ntate kama tunavyowaita wazee huku, naye alikuwa wa aina hiyo. Alikuja dukani kwetu Germiston siku ya Alhamisi na mkewe, Mme Disebo, yaani Mama Disebo, akawa anagonga maboksi kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Nataka lile," akasema, akinyoosha kidole kwenye sabufa ya inchi kumi na tano, kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo.

"Chumba chako kina ukubwa gani, Ntate?"

Akajibu. Niliona ndevu zake zikicheza. Mzee huyu ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa, na sauti yake inatoka chini kabisa, kwenye tumbo. Kilichonifikia kilikuwa vipande vipande. Nikamgeukia Mme Disebo, nikatabasamu kama fundi mwenye adabu anayetaka kusikia na upande wa mama.

"Chumba gani? Ni gereji," mama akasema. "Tumetoa gari, tumeweka vigae, sasa anataka pawe sinema. Gari langu linalala nje na mbwa."

"Basi hilo jibaba halifai, Ntate. Unaona tundu hili? Boksi hili linapumulia hapa, linataka ukumbi. Kwenye gereji litakuvimbia mpaka umkimbie mkeo. Chukua hili dogo, inchi kumi na mbili, limefungwa pande zote. Besi yake ni kavu. Ngoma ikipigwa inapigwa, ikiisha inaisha."

"Mwambie tena hapo kwenye dogo," Mme Disebo akasema. "Mzee wangu tangu ujana anaugua ugonjwa wa vikubwa."

Wakacheka, wakachukua dogo. Nilikuwa nimewashauri vizuri, na hilo silijutii mpaka leo. Kuchagua ni akili, na akili ninayo. Kilichoniharibikia ni masikio.

Ilikuwa imepita miezi minane tangu sauti za chini zilipoanza kunitoroka. Kwanza sikio la kushoto lilijaa, kama unapotoka kuogelea, likaanza kuvuma. Kisha la kulia. Daktari hospitalini alinifungia kwenye kibanda, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio, akatoka na karatasi iliyochorwa mstari. Milio ya juu, sawa. Ya chini, hakuna kitu. Akasema ni maji ya ndani ya sikio, huenda yakapungua, huenda yasipungue. Nikaikunja ile karatasi nikaitia chini ya kiti cha pikapu. Sikumwambia mtu. Fundi wa sauti asiyesikia besi ni nani? Ni mtu wa kubeba maboksi. Niliogopa sana, na nitalisema hivyo hivyo bila kulipamba.

Mtu ambaye ningepaswa kumwambia ni Nomvuyo. Duka ni letu sote wawili, nusu kwa nusu. Yeye anatoboa kuta na kupitisha nyaya, mimi naweka spika na kuzipima. Yeye ndiye aliyewaleta wazee hawa, kwa kuwa anasali nao.

"Jumamosi saa tano, kwao Vosloorus," akaniambia. "Na usinitie aibu, Hlulani. Hawa ni watu wangu."

Namna tunavyoweka sabufa wengi wanaicheka. Unaipandisha kwenye kochi, palepale atakapokaa mwenye nyumba. Unaipigia mlio mzito unaopanda na kushuka. Halafu unapiga magoti na kutambaa chumba kizima, kichwa chini, ukisikiliza. Mahali utakapoisikia besi imetulia, haivimbi wala haipotei, hapo ndipo pa kuiweka. Ukiishusha ukaiweka hapo, anayekaa kwenye kochi ataisikia vilevile ulivyoisikia wewe sakafuni. Hakuna mashine inayonishinda kwa kutambaa. Wateja walikuwa wanapiga picha.

Tangu niugue nilikuwa nachagua nyumba. Kensington, Malvern, zile nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Kwenye mbao sihitaji masikio. Besi inapita ubaoni, inaingia kwenye viganja na magoti, na mimi najua kuisoma. Nilikuwa navua hata zile pedi za magoti ili nisikose kitu. Kazi za nyumba mpya nilizikwepa kwa kila uongo niliokuwa nao. Lakini gereji ya Vosloorus ni zege tupu, juu yake vigae, na Nomvuyo alikuwa ameshatoa neno.

Tulifika saa tano. Mme Disebo alikuwa ameshafunika gari lake kwa turubai uani, kwa uchungu unaoonekana. Nomvuyo akamaliza nyaya upesi, tukaiweka sabufa kwenye kochi, nikawasha ule mlio kwenye simu. Ntate Motaung akasimama mlangoni, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

Nikapiga magoti.

Vigae vilikuwa baridi na havikusema chochote. Nikabonyeza viganja kwa nguvu zaidi. Hakuna. Nikalaza na shavu. Mme Disebo akacheka, "Angalieni, anasali huyu!" Nikatambaa ukuta wa kushoto, nikapita chini ya dirisha, nikafika mlangoni kwenye viatu vya mzee, nikageuka. Kichwani mwangu kulikuwa na ule mvumo wangu wa kila siku, na nilijitahidi kuutenganisha na mlio wa sabufa. Nikafumba macho. Kwenye ukuta wa mbele, upande wa kulia wa televisheni, nikahisi mvumo umejaa vizuri, umetulia. Nikasogea nyuma, ukapungua. Nikarudi, ukajaa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani masikio yamerudi.

"Hapa!" nikasema. "Ntate, hapa. Sikia inavyokaa. Haivimbi hata kidogo. Nomvuyo, bandika tepu."

Hakuna aliyebandika tepu. Nikainua kichwa. Mme Disebo alikuwa ananitazama kama anayemtazama mtoto aliyeanguka, akisubiri kuona kama atalia.

"Bhuti, kaka yangu," akasema, "umeme umekatika."

"Lini?"

"Ulipokuwa mlangoni. Leo ni zamu yetu ya mgao. Saa sita."

Nikaitazama sabufa kwenye kochi. Taa yake ndogo ya buluu ilikuwa imezimika. Nilikuwa nimetambaa nusu ya chumba nikisikiliza boksi lililokufa.

Ntate Motaung akaanza kucheka. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka, akajishika ukutani, akasema kitu.

"Anasema wewe ni mchekeshaji," Mme Disebo akanieleza. "Amekuamini kabisa."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na niliipita mbio. "Nilitaka kuona kama mko macho," nikasema. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikacheka pamoja nao. Nomvuyo peke yake hakucheka. Aliiweka tepu mezani akatoka nje.

Nilimkuta amekaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini? Mbona hata mzee ameuelewa utani?"

"Hlulani, usinifanye mjinga. Nilikutazama usoni. Ulikuwa unaamini unaisikia."

Mtaa mzima ulikuwa kimya, ila jenereta la jirani, ambalo nililiona linatikisika bila kulisikia.

"Miezi minane," nikasema.

Alihesabu kimoyomoyo. Niliona uso wake unabadilika, na hapo nikajua amefika wapi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafika huko kila usiku.

"Alberton," akasema. "Yule mama aliyesema besi inamgonga kichwa."

"Nomvuyo..."

"Ulisema ni nyaya zangu. Ulisema mbele yake. Nikapasua ukuta wake, siku mbili, nikavuta nyaya mpya, nikaziba, nikapaka rangi, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu huu. Na bado ikawa inamgonga kichwa. Akawaambia wenzake mwanamke hawezi kazi ya nyaya. Nikarudi nyumbani nikasoma vitabu vya chuo upya, nikitafuta nilipokosea. Unajua hilo? Nilisoma vitabu, mimi, na umri huu!"

Sikulijua hilo la vitabu. Nilijua mengine yote. Ile sabufa ya Alberton niliiweka kwa kubahatisha kwenye sakafu ya zege, nikajua nimebahatisha, na yule mama alipolalamika kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa jina la Nomvuyo. Hata sikufikiri. Lilitoka lenyewe kama lilikuwa limekaa tayari.

"Niliogopa," nikasema.

"Najua uliogopa. Mtu akiumwa anaogopa, hilo halinisumbui. Ungeniambia ningetambaa mimi, tungefanya kazi yetu kama kawaida. Lakini ulinikabidhi kosa lako nilibebe, ukanitazama nikilibeba."

"Ningekuambia nini? Kwamba fundi wa sauti hasikii?"

"Hivyohivyo. Mbona sasa umeweza?"

Mme Disebo akatoka na sahani, ugali na utumbo na achari ya maembe, akatulazimisha tule tukisubiri umeme. Nomvuyo alikula. Mimi niliuzungusha utumbo kwenye sahani mpaka ukapoa. Mama alipoondoka, Nomvuyo akanawa mikono kwa maji ya chupa.

"Umeme ukirudi natambaa mimi," akasema. "Na wewe utawaambia kwa nini."

"Mbele ya wazee wa kanisa lenu?"

"Mimi uliniaibisha mbele ya nani?"

Umeme ulirudi saa nane na nusu. Nomvuyo akafunga nywele, akapiga magoti. Hakuwahi kufanya kazi hiyo mbele ya watu, kwa kuwa mimi sikumwachia hata siku moja, na alitambaa taratibu, akisimama, akirudi, uso umekunjamana. Nilikuwa nimesimama kando nikiona mahali anapopita. Nilitamani akosee. Aibu ilioje, lakini nilitamani. Akafika nyuma kidogo ya katikati ya ukuta wa kushoto, mahali nilipopita asubuhi bila kusimama, akatulia.

"Hapa," akasema, akabandika tepu mwenyewe.

Tukaishusha sabufa kwenye kochi, tukaiweka hapo, tukawasha na spika za ukutani. Ntate Motaung akaketi, akaomba tumpigie kwaya yao, rekodi ya Pasaka. Nomvuyo akaifungua kwenye simu.

Nilisikia wanawake. Niliwasikia vizuri, juu kabisa, na chini yao wanaume wa sauti nyembamba. Chini ya hao palikuwa na shimo. Mzee akafungua kinywa akaimba pamoja nao, shingo imemvimba, na kutoka kwake sikupata kitu. Mme Disebo akashika kifua kwa viganja viwili, macho yakamlowa. "Yesu wangu," akasema, "kama wamo humu ndani." Nomvuyo alikuwa ametazama vigae. Kisha akainua uso, na nikaelewa kwamba ndiyo kwanza anapata kujua kwamba hajawahi kukosea.

Mzee akaacha kuimba. Akageuka kwenye kochi, akanitazama mimi, bingwa, akaniuliza kitu. Sauti ilikuja nusu, maneno nikayakosa. Kwa mazoea nikamtazama mkewe, lakini mkewe alikuwa anafuta macho. Nikamtazama Nomvuyo.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Wote watatu wakawa wananisubiri. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mdogo, wa kutikisa kichwa tu na kusema iko sawa kabisa, na nadhani ungepita.

"Ntate, sijasikia ulichosema," nikasema. "Sauti yako siisikii. Sikuisikia dukani, wala asubuhi. Sabufa hii siisikii kabisa. Masikio yangu yamekufa upande wa chini, na nimekuwa nikimsingizia huyu dada mbele za watu."

Ntate Motaung hakucheka. Alisogea mpaka mwisho wa kochi, karibu nami, akasema neno polepole, akitazama uso wangu kuona kama limefika. Halikufika. Mme Disebo akachukua simu haraka akaizima ile kwaya, akidhani ni kelele zilizokuwa zinanizuia.

"Haya, sema tena sasa," akamwambia mumewe. "Sasa atakusikia."