Profesa Alipokubali Kila Kitu

Machale yalianza kumcheza Msumari mapema, pale Profesa aliposema, "Hapo nakubaliana na mwenzangu."

Kila uchaguzi ulipokaribia, wachambuzi hawa wawili waliitwa redioni, na watu walifungulia ili wasikie ugomvi. Msumari, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishaikalia hoja hang'oki, aliamini historia: bei ya unga ikipanda, chama tawala huanguka mijini, muungano wa dakika za mwisho haudumu. Profesa alizoea kumcheka. Vijana hawapigi kura kama babu zao, alikuwa akisema. Leo hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwenye adabu zake.

Hii si bure, Msumari alijiambia. Jina lake lote lilisimama juu ya jambo moja, kwamba hanunuliki. Akionekana anaimba wimbo mmoja na mtu aliyenunuliwa, tena kura zikikaribia, nani atamwamini? Akakumbuka na ya nyumbani. Asubuhi binti yake alimpigia shati pasi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu apate kazi, akamwambia, "Baba, leo usimwandame Profesa wa watu. Halafu uwahi kurudi, tuna wageni." Wageni gani? Binti alicheka tu. Kumbe hata mtoto wangu wamemfikia, Msumari aliwaza, na damu ikamchemka.

Akatega mtego.

"Mvua ikinyesha wiki ya uchaguzi," alikiambia kipaza sauti, "chama tawala hushinda. Ndivyo historia inavyoonyesha."

Ulikuwa upuuzi mtupu, na alijua. Profesa naye alijua. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ni... ni hoja ya kufikiriwa."

Mtangazaji aliduwaa. Msumari hakumpa nafasi.

"Wasikilizaji, wapinzani wakipatana ghafla kabla ya uchaguzi, historia inatuambia kuna kitu wamegawana. Mimi sijagawiwa chochote. Mwenzangu huyu amehongwa. Amehongwa nini, muulizeni mwenyewe!"

Profesa alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akatoka bila kuaga.

Kipindi kilipokwisha, Msumari alitoka kifua mbele. Alimkuta Profesa koridoni, simu mkononi, uso umemshuka.

"Jioni ya leo mimi na mke wangu tulikuwa tuje kwako," Profesa alisema. "Kijana wangu na binti yako wanataka kuoana. Binti akaniomba, tafadhali, leo nisimkasirishe baba yake. Nikasema sawa, mara moja haiui." Alitazama simu. "Sasa mke wangu kasikia naitwa mla rushwa mbele ya nchi nzima. Hataki hata kulisikia jina lako."

Msumari aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Nyumbani alikuta viti vimepangwa sebuleni na kitambaa kipya mezani. Redio ilikuwa imezimwa. Binti yake alikuwa amempa mgongo, akirudisha vikombe vya wageni kabatini.

"Mwanangu, mimi sikujua. Ungeniambia..."

"Ningekuambia jioni, nao wakiwepo." Aliweka kikombe cha mwisho, akafunga kabati. Macho yalikuwa mekundu. "Uliuliza Profesa amehongwa nini, baba. Alihongwa mimi."